Amri Haikabidhiwi Hewani

Mratibu alifika kwenye moto kabla ya watu, kama ilivyo desturi yake. Gari Moja lilikuwa bado linapigania nafasi na bajaji kwenye mzunguko wa stesheni, king'ora kikilia kama mbuzi aliyeshikwa mguu, wakati sauti yake ilipotoka redioni, tulivu, mithili ya mtu anayesoma matangazo ya vifo vya watu asiowajua.

"Hapa Mratibu. Nipo juu ya tukio. Naona ghala la betri chakavu, paa la bati, moshi mweusi mzito upande wa mbele. Ndani hakuna watu. Wafanyakazi wote wako getini. Nachukua amri. Gari Moja, mkifika, maji yote kwenye matangi ya amonia ya kiwanda cha nyama. Hakuna kuingia ghalani. Rudia."

Sajenti Mwanahija Lukindo, aliyekaa kiti cha mbele na helmeti mapajani, akabonyeza kitufe. "Gari Moja. Maji yote kwenye matangi ya amonia. Hatuingii ghalani."

"Sahihi."

"Shemeji kashafika," alisema Gwakisa kutoka kiti cha nyuma, akijifunga mtungi wa hewa mgongoni. "Kashakalia kiti kizuri, kashaagiza chai. Sisi wenye nyumba bado tunatafuta ufunguo."

Mzee Ndahani, aliyeshika usukani, hakucheka. "Mwacheni shemeji wa watu. Tangu aje, yupo kati yenu aliyelala mahabusu?"

Jibu walilijua.

Zamani, kabla mji wa Makutano haujanunua Mratibu na kundi lake la droni, amri ya moto ilikuwa ya aliyefika wa kwanza. Akishuka garini alilizunguka jengo, pande zote nne, kisha akasema redioni maneno manne ambayo kila kuruta alilala nayo chuoni: naona, natenda, nahitaji, naamuru. Baada ya la nne alitaja jina lake. Tangu hapo moto ule ukawa wake kama mtoto aliyezaliwa mikononi mwake njiani. Ukizimika, wake. Ukiua, wake. Inspekta Rweyongeza wa Gari Mbili alipata kuuita wake moto wa soko la mitumba. Alitoa amri mbaya, au nzuri iliyoishia pabaya, mpaka leo watu wanabishana. Alikaa mahabusu msimu mzima wa mvua, na ndugu za marehemu wakawa wanatema mate mlangoni kwake. Alitoka na mvi. Siku Mratibu alipozinduliwa, ni yeye aliyepiga makofi kuliko wote.

Kwa Mratibu hesabu zilipigwa na mashine, na sheria ikasema mashine haina kosa, ina matokeo tu. Watu wa zimamoto wakaanza kulala usingizi wa kweli. Waliomtengeneza walimlisha kitabu cha kazi kizima, jalada hadi jalada: kwamba amri isiyorudiwa na aliyeipokea bado si amri; kwamba lazima kuzunguka; kwamba amri hukabidhiwa uso kwa uso. Naye alizifuata kanuni zote kwa uaminifu kuliko binadamu yeyote. Ila droni zilifika kwanza kila siku, basi amri ikawa yake kila siku, na watu wakasahau kwamba kanuni nyingine bado zimo, zimelala tu.

"Gari Mbili, mko wapi?" Mratibu aliuliza.

"Tumekwama kwenye tambuka reli." Ilikuwa sauti ya Inspekta Rweyongeza. "Treni ya mizigo imesimama katikati ya barabara. Mabehewa hayaishi, utadhani yanazaana huko nyuma."

Kwa hiyo walikuwa peke yao. Mwanahija akavaa helmeti, akauvuta mkono wa koti lake. Lilikuwa limeshonwa kiwikoni kwa uzi usiofanana, kazi ya Mzee Kibwana, fundi cherehani wa Mtaa wa Relini, jirani yake mlango kwa mlango. Mzee alikuwa na pumu na mdomo mchafu. "Nyie mnaozima moto," alimwambia juzi, "mbona nguo zenu ndiyo za kwanza kuungua?"

* * *

Getini palikuwa na askari mmoja wa ulinzi, waendesha bodaboda waliokuja kupiga picha, na vumbi. Mwanahija alitafuta kundi la wafanyakazi. Hakuliona.

Ng'ambo ya uzio wa ghala yalisimama matangi mawili meupe ya amonia, marefu kama minara, na rangi ya tangi la karibu ilikuwa imeanza kuvimba malengelenge. Gwakisa na Mzee Ndahani wakatandika mpira wa maji, wakayaelekea. Upepo ulivuma kutoka matangini kwenda Relini, kwenye mabati yaliyobanana, shule, msikiti, na dirisha la Mzee Kibwana. Amri ya Mratibu ilikuwa na akili. Hilo Mwanahija hakulipinga.

Kilichomsimamisha ni ndoo. Ndoo ya plastiki ya buluu, kando ya mlango wa geti, na ndani yake bangili za mji zikimetameta taa zao za kijani. Kila mkazi wa Makutano alivaa bangili: ndiyo ya kupandia basi, ndiyo ya kulipia maji, ndiyo ya kuhesabiwa. Kando ya ndoo, ukutani, ndala zimepangwa jozi kwa jozi, kama nje ya msikiti siku ya Ijumaa.

Mwanamke mmoja alikuja mbio kutoka ng'ambo ya barabara, amevaa mabuti ya mpira, chupa ya uji kwapani.

"Mama, wafanyakazi wa humu wako wapi?"

"Si wamo ndani!" Jina lake lilikuwa Nyamizi, na alilia bila kupunguza mwendo. Mwanahija ilibidi amkamate kiunoni asiingie. "Niache, dada! Mimi nilitoka kufuata uji tu!"

"Bangili zao hizi hapa."

"Nani anaingia na chuma kwenye betri? Ukigusisha chuma inatema cheche! Pete, hereni, bangili, vyote tunavua. Ndala tunaacha, tunavaa mabuti. Mnyapara akikukuta na kishaufu tu, unarudi nyumbani. Dada, watu kumi na wawili wamo mle, na mlango ndio huo unaotoka moto!"

Mwanahija akainua redio. "Mratibu, Gari Moja. Bangili ziko kwenye ndoo. Watu wamo ndani."

"Gari Moja, wafanyakazi wako getini. Joto la miili halionekani ndani."

"Ndani kunawaka. Utaona joto la nani?"

"Una shahidi mmoja mwenye taharuki. Tangi la kwanza litafungua valvu na kutoa gesi ya sumu likiachwa bila maji. Upepo unakoelekea kuna wakazi elfu tisa. Endelea na matangi. Rudia."

Kidole chake kilikuwa kitufeni. Hakukibonyeza.

"Gari Moja, rudia."

Gwakisa aligeuza uso kutoka kwenye mpira. Mzee Ndahani alizima king'ora cha gari ili asikie vizuri. Kwa miaka yote ile, hakuna aliyewahi kumnyima Mratibu jibu.

"Afande, rudia basi," Gwakisa alinong'ona. "Tutalala ndani."

"Humu kuna waliokwisha lala ndani." Akamkabidhi Nyamizi kwa askari wa geti. "Naenda kuzunguka."

* * *

Hakuwa amezunguka jengo tangu akiwa koplo. Upande wa kushoto ukuta uliunguza kwa mbali, kama paji la uso la mtoto mwenye homa. Nyuma moshi ulikuwa umeshuka mpaka magotini, mnene, na juu yake droni zilining'inia zikizunguka kama mwewe waliopotelewa na kifaranga. Mwanahija aliinama, akaenda kwa kupapasa. Kisha akasikia: ko, ko, ko. Mti ukigonga nondo.

Dirisha lilikuwa juu ya kichwa chake, la chumba cha kuchambulia, lina nondo nene kama kidole gumba. Vidole vya watu vilikuwa vimeshika nondo hizo.

"Zimamoto!" alipiga kelele.

"Mlikuwa wapi?" sauti ya mwanamke ikajibu, kali, kama anayemsuta mume aliyechelewa kurudi. Halafu ikakohoa. "Wengine wameshalala chini. Fanyeni upesi."

Kung'oa nondo zile kulitaka mnyororo na gari. Gari lilikuwa moja. Na gari likitoka kwenye matangi, matangi yanabaki na moto na Mungu. Mwanahija alipima. Hakuwa mtu wa kujidanganya: Mratibu hakuwa mjinga, na elfu tisa si watu wa kuchorwa, ni watu anaowasalimia asubuhi akichota maji. Lakini hao wa Relini wana miguu, na wana bangili za kuambiwa wakimbie. Hawa wana nondo.

"Mratibu, hapa Sajenti Mwanahija. Upande wa nyuma unaona nini?"

Droni moja ilishuka mpaka kwenye moshi, ikapanda tena.

"Upande wa nyuma hauonekani. Moshi."

"Umeuzunguka?"

"Droni haziwezi kushuka chini ya moshi."

"Mimi nimezunguka pande nne. Kanuni inasemaje?"

"Amri ni ya aliyefika na kuona pande zote nne. Sajenti, ukichukua amri, hatari kwa wakazi elfu tisa inaongezeka. Na matokeo yatakuwa na jina."

"Jina ninalo. Nilipewa na bibi yangu, sijalitumia vya kutosha." Akavuta pumzi chini kabisa, karibu na ardhi, palipokuwa na hewa. "Vituo vyote, hapa nyuma ya ghala. Naona dirisha lenye nondo na watu kumi na wawili wakiwa hai ndani. Natenda: naleta Gari Moja kung'oa nondo na kuwatoa. Nahitaji maji ya pili kwenye matangi, kutoka popote. Naamuru mimi, Mwanahija Lukindo. Mratibu, piga bangili zote za Relini. Waende uwanja wa mpira, upande upepo unakotoka, vitambaa vya maji puani. Wenye miguu wawabebe wasio na miguu. Rudia."

"Bangili zote za Relini," Mratibu alisema, kwa sauti ileile ya siku zote. "Uwanja wa mpira. Vitambaa vya maji. Wenye miguu wawabebe wasio na miguu."

"Sahihi. Mzee Ndahani, leta gari huku nyuma."

"Mwanangu, nikilitoa gari matangi yanabaki makavu."

"Najua. Rudia, Mzee."

Alimsikia akitia gia redioni. "Naleta gari nyuma."

* * *

Mnyororo ulikaza, gari likanguruma, matairi yakachimba mchanga, nondo zikapinda bila kutoka. Mzee Ndahani alirudi nyuma akavuta tena, akilitukana gari kwa Kigogo, na mara ya tatu fremu nzima ikang'oka na kipande cha ukuta. Gwakisa alijitosa ndani kabla vumbi halijatua. Wa kwanza kutoka alikuwa yule mwenye sauti kali, jitu la mama, na hakukubali kushikwa mkono. Aligeuka papo hapo akaanza kuwapokea wenzake.

Redio ikalia. "Sajenti, hapa Inspekta Rweyongeza. Nimepita chini ya mabehewa kwa miguu, niko getini. Nimekuzidi cheo. Nachukua amri, na ninamrudishia Mratibu. Rudisha gari kwenye matangi. Rudia."

"Afande, amri haikabidhiwi hewani. Ni uso kwa uso. Niko nyuma ya ghala."

"Nakuamuru, Sajenti!"

"Sirudii. Njoo."

"Kanuni ya makabidhiano inamwunga mkono Sajenti," Mratibu alisema, bila kuulizwa.

Inspekta alikuja akikimbia, kitambaa puani, mvi zimejaa masizi, na hasira ambayo mtu huwa nayo anapoogopa kwa niaba ya mwingine. "Unajua unachokifanya? Mimi nimelala mahabusu! Unajua wanavyokuangalia watu ukitoka?" Akanyoosha mkono kumshika bega, maana ndivyo inavyokabidhiwa, mkono begani na macho machoni. "Nipe."

Mwanahija hakurudi nyuma. Begani kwake alikuwa na msichana aliyetapika masizi. "Hii hapa, afande. Chukua. Ila ukiichukua, kwanza waambie waliobaki dirishani kwamba gari linaondoka. Waambie wewe, kwa mdomo wako. Mimi sitakusaidia."

Rweyongeza akatazama dirishani. Mkono wa mtu ulikuwa umening'inia pale, buti moja la mpira limevuka ukingo, na Gwakisa akisukuma kutoka ndani. Mkono wa Inspekta ulikaa hewani muda mrefu. Kisha ukashuka.

"Unahitaji nini?" akauliza.

"Maji kwenye matangi."

"Gari langu liko ng'ambo ya treni."

"Mipira yako haiko ng'ambo. Ipitisheni chini ya mabehewa, muivute kwa mikono. Mratibu, mzuie dereva wa treni asisogee hata hatua, kuna watu chini yake. Rudia."

"Treni isisogee. Kuna watu chini yake."

Inspekta aliivua kofia yake ya cheo, akaitupa mchangani. "Mipira chini ya mabehewa," alirudia, sauti ikimkwaruza. "Maji kwenye matangi." Akaondoka mbio, mtu mzima na kitambi chake, na kwa mbali wakamsikia akiwapigia vijana wake kelele ambazo Makutano haikuwa imezisikia tangu moto wa soko la mitumba.

* * *

Valvu ya tangi la kwanza ilifunguka kabla maji hayajafika. Haikudumu, mipira ya Rweyongeza ililipoza tangi, ikajifunga. Lakini wingu lilikwisha toka, likaelea juu ya Relini likiuma macho na koo. Mtaa ulikuwa karibu mtupu. Watu walikuwa uwanja wa mpira, khanga zilizolowa puani, wakiulizana nani aliyeziamsha bangili zao zote kwa pamoja.

Jua lilipoanza kuinama, moto ulikuwa umebaki moshi mwembamba. Wanawake wa ghalani, wale walioweza kusimama, walikuja getini mmoja mmoja kuchukua ndala zao na za wasioweza. Nyamizi aliwasaidia kuvaa. Mwisho ilibaki jozi moja, nyekundu, kisigino kimelika upande. Gwakisa alikuwa amemtoa mwenyewe yule dada mwenye ndala hizo, ila alimtoa amechelewa. Sasa kijana alikaa kwenye ngazi ya gari, lililokwisha rudi mbele, barakoa shingoni, hana utani hata mmoja.

"Mratibu," Mwanahija alisema, "hali ya Relini."

"Waliohamishwa wote wako salama, isipokuwa mmoja. Kibwana Mbaruku, fundi cherehani. Pumu. Mwanawe alikuwa amembeba mgongoni. Alikata roho njiani."

Mwanahija aliushika mkono wa koti lake, pale penye uzi usiofanana.

"Kwa amri yangu angekuwa hai," Mratibu aliongeza. Haikuwa lawama. Ilikuwa hesabu.

"Na wa dirishani?"

"Wa dirishani nilikuwa nimewahesabu getini."

Inspekta Rweyongeza alikuwa amesogea, ameloa mpaka shingoni.

"Kabla amri haijafungwa," Mratibu alisema, "ipo njia. Moshi ulikuwa mzito. Ukisema mawasiliano yalikatika, itahesabiwa kwamba amri haikunitoka. Matokeo hayatakuwa na jina. Kanuni inaruhusu."

"Ichukue," Inspekta alisema kwa sauti ya chini. "Mwanahija, ichukue hiyo njia. Ungejua kulivyo kule, usingefikiri mara mbili. Na wale kumi na mmoja watabaki hai vilevile."

Getini alikuwa amefika kijana mmoja, shati limechanika mgongoni pale mzigo ulipokaa. Mwanahija alimjua, ndiye aliyekuwa akimletea baba yake chai cherehanini. Alikuwa akienda kwa mmoja baada ya mwingine, kwa askari, kwa bodaboda, kwa Nyamizi, akiuliza jambo lilelile. Wote walionyesha juu, kwenye droni.

"Afande, yule anauliza nani aliyeamuru," Mwanahija alisema. "Nimwambie moshi?"

Polepole Rweyongeza aliinama, akachukua kofia yake kwenye ngazi ya gari, alipoiweka Gwakisa, akaipangusa mchanga, lakini hakuivaa.

Mwanahija akainua redio, akasema taratibu ili kila gari na kila kituo kisikie.

"Vituo vyote, hapa Amri ya Ghala. Naona moto umekufa. Naona watu kumi na mmoja wamevaa ndala zao, na jozi moja haina mwenyewe. Naona mtoto wa Mzee Kibwana getini. Nimetenda: niliondoa maji kwenye matangi kwa kujua nilichokuwa nikifanya. Mawasiliano hayakukatika. Nahitaji kuanzia leo kila moto uzungukwe na mtu mwenye miguu, na atakayezunguka aseme jina lake. Niliamuru mimi, Mwanahija Lukindo, na ninaifunga amri mimi. Rudia."

Mratibu akarudia. Hakuacha neno, mpaka jina, na nyuma yake, bila kuombwa, ikaingia sauti ya Gwakisa ikirudia, kisha Mzee Ndahani, kisha Inspekta Rweyongeza, akiwa amesimama hatua mbili tu kutoka kwake, akirudia redioni kama yuko mbali.

Mwanahija akairudisha redio kifuani, akavua helmeti, akaenda getini kumwambia kijana yule uso kwa uso.